Chipu za mwanga zaingia biashara ya mahindi, lakini bambo ndilo huamua

WAFANYABIASHARA wa nafaka wanaokusanya mahindi Masama, wilayani Hai, na kuyapeleka Moshi, Holili hadi Taveta wamezoea kupima vitu vitatu: uzito, unyevu na rangi. Mkono huingizwa guniani, punje hutiwa mdomoni na kung'atwa. Ikipasuka kwa mlio, mahindi yamekauka na bei huanza kujadiliwa.

Kitu cha nne hakionekani kwa jicho wala hakijulikani kwa jino. Ni sumukuvu, hasa ile iitwayo aflatoksini. Hiyo ndiyo iliyosimamisha malori mpakani mwaka 2021, na hiyo ndiyo inayowaleta sokoni wauzaji wa mashine ndogo zinazodaiwa kuisoma sumu kwa mwanga katika muda wa dakika chache. Mashine hizo zina kazi ya kweli. Lakini mwenye kuweka fedha zake humo afahamu kwanza zinaona nini na haziwezi kuona nini.

SOMO LA MACHI 2021

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie nchini humo, ikitaja sumukuvu. Tarehe 10 Machi zuio liliondolewa na masharti yakawekwa badala yake: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kwa mkoa wa Kilimanjaro habari hiyo haikuwa ya mbali. Mwezi Mei mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, mahindi yaliyokwama Holili yalizungumzwa hadharani na wakuu wa nchi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza suala hilo limalizwe ndani ya wiki mbili.

Kwa mwenye mtaji mdogo, wiki mbili ni muda mrefu. Lori lililosimama hulipiwa, dereva hula, fedha za mkopo huzaa riba, na mahindi yenyewe yakipigwa na umande huanza kuota kuvu upya. Tangu wakati huo kipimo cha sumukuvu si jambo la maabara peke yake. Kimekuwa sehemu ya bei ya gunia.

PUNJE MOJA KWA LORI ZIMA

Sehemu 10 kwa bilioni ni kiasi gani? Ni mikrogramu 10 katika kila kilo, yaani miligramu 1 tu katika gunia la kilo 100. Lori lenye magunia 300 hubeba tani 30. Sumu inayotosha kulifikisha lori hilo kwenye ukomo ina uzito wa miligramu 300, ambao ni sawa na uzito wa punje moja ya hindi.

Ukomo huo si mmoja duniani kote. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa jumla ya aflatoksini, na sehemu 5 kwa aina iitwayo B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Jumuiya ya Ulaya hutaka nafaka za kuliwa moja kwa moja zisizidi 4 kwa jumla na 2 kwa B1. Marekani huruhusu hadi 20 katika chakula cha binadamu. Kwa hiyo mahindi yanayopita sokoni kwa mmoja hukataliwa kwa mwingine, na mfanyabiashara anayetafuta soko jipya ni lazima ajue namba ya soko hilo kabla ya kununua mzigo.

MWANGA ULIANZA ZAMANI

Mwanga na aflatoksini havikukutana jana. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilipofuatiliwa kilikutwa katika mashudu ya karanga waliyolishwa, yaliyokuwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la aflatoksini limetokana na jina la kuvu huyo.

Wataalamu walipoitenga sumu hiyo na kuimulika kwa taa ya urujuanimno waliona inang'aa. Aina moja iling'aa buluu, nyingine kijani. Herufi B na G zinazoandikwa mpaka leo kwenye vyeti, katika B1, B2, G1 na G2, ni herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya rangi hizo mbili. Kila anayeshika cheti cha sumukuvu ameshika kumbukumbu ya kipimo cha mwanga.

Hapa wafanyabiashara watahadhari na jambo moja. Wapo wanaoshauriwa kununua taa ya urujuanimno na kumulika mahindi gizani, punje zinazong'aa zitolewe. Mng'ao wa kijani na njano unaoonekana kwenye mahindi mabichi au yaliyopasuliwa hautokani na aflatoksini yenyewe. Hutokana na kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu huyohuyo. Punje inaweza kung'aa bila kuwa na sumu, na inaweza kuwa na sumu bila kung'aa. Taa hiyo ni dalili tu, kama moshi ulivyo dalili ya moto, na haitoshi kuuzia mali.

CHIPU INAVYOFANYA KAZI

Vipimo vya kisasa vinatumia mtego. Mtego huo ni kingamwili, aina ileile ya kitu ambacho mwili hutengeneza kupambana na maradhi. Kila kingamwili hushika kitu kimoja tu, kama kufuli na ufunguo wake. Ikitafutwa kingamwili inayoshika aflatoksini na kubandikwa mahali, kinachobaki ni kujua kama imeshika kitu au haijashika. Kazi hiyo ya kujua ndiyo inayofanywa na mwanga.

Mwaka 1990 kampuni ya Kiswidi ya Pharmacia Biosensor, ya mji wa Uppsala, iliweka sokoni mashine iliyoitwa Biacore. Ndani yake mna kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba mno. Mwanga hupigwa kwa chini, ukarudi. Kitu kinaponasa juu ya dhahabu, pembe ambayo mwanga hufifia nayo husogea kidogo, na mashine husoma msogeo huo. Hakuna haja ya kutia rangi wala dawa ya kung'arisha. Mashine hizo zilienea katika maabara za dawa, lakini ni kubwa na bei yake haimfikii mtu wa gulioni.

Kizazi kilichofuata ni chipu ya silikoni, jamaa wa chipu zilizomo katika kompyuta na mitambo ya simu. Juu yake huchorwa njia nyembamba kuliko unywele, na mwanga wa leza hupita humo kama maji katika mfereji wa mlimani. Lakini mwanga haubaki wote ndani ya mfereji. Sehemu ndogo hutambaa nje ya ngozi yake, kiasi cha nanomita mia moja au mia mbili hivi, na chochote kinachogusa hapo huubadilishia mwendo.

Aina moja ya chipu hizo ina pete. Mwanga huzunguka peteni, na rangi maalumu tu za mwanga, zile zinazolingana na mzunguko wa pete, ndizo hukaa humo. Kingamwili zilizobandikwa juu ya pete zikinasa kitu, rangi zinazokaa hubadilika kidogo. Ni kama ngoma: ikiwambwa vizuri hutoa sauti yake, ngozi ikiloa umande sauti hushuka. Mpigaji haoni maji, husikia tofauti.

Faida ya chipu ni mbili. Kwanza, hutengenezwa kwa wingi katika viwanda vya chipu vilivyokwishajengwa kwa kazi nyingine, kwa hiyo bei ya kipande kimoja inaweza kushuka. Pili, pete nyingi hukaa kwenye kipande kidogo kama ukucha, kila moja na kingamwili yake, na sampuli moja ikapimwa sumu kadhaa kwa pamoja.

MSTARI UKIFIFIA NI HATARI

Liko tatizo ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Aflatoksini ni chembe ndogo sana. Kwa vipimo vya kikemia uzito wake ni 312, wakati kingamwili moja ni kama 150,000. Kuisubiri itue peke yake juu ya chipu ni kama kusubiri mzani wa magunia uyumbe kwa sababu inzi ametua.

Kwa hiyo wataalamu hugeuza kipimo. Kiasi maalumu cha kingamwili huchanganywa na maji yaliyotolewa katika mahindi. Mahindi yakiwa na sumu, kingamwili hushughulika nayo humohumo majini na chache hubaki za kwenda kunasa kwenye chipu. Mahindi yakiwa safi, kingamwili zote hubaki huru na hunasa kwa wingi. Alama kubwa maana yake ni mahindi safi; alama ndogo maana yake ni sumu.

Vibanzi vya karatasi ambavyo tayari viko katika biashara ya nafaka duniani hufuata kanuni hiyohiyo. Ni ndugu wa vile vya kupimia malaria katika zahanati, ila usomaji wake ni kinyume. Kwenye kibanzi cha malaria mstari ukitokea mgonjwa ana malaria. Kwenye kibanzi cha aflatoksini cha kawaida mstari wa kipimo ukififia au ukipotea, mzigo una sumu. Anayesoma kwa mazoea ya zahanati anaweza kununua mzigo mbaya akidhani ni mzuri.

Ndiyo maana kibanzi hutiwa katika kisomeo chenye taa ndogo na jicho la mwanga, kikapima weusi wa mstari na kuandika namba. Kampuni za Marekani kama Neogen, Charm Sciences na VICAM huuza vipimo vya sumukuvu vinavyosomwa kwa mwanga. Chipu za pete, kwa upande wake, zimefanyiwa kazi zaidi katika maabara na miradi ya utafiti. Mradi mmoja wa Ulaya, uliojulikana kwa jina la Symphony, ulijaribu pete hizo kutafuta aflatoksini katika maziwa. Anayeambiwa na mchuuzi kwamba kifaa chake ni "chipu" aulize kama kweli ni chipu, au ni kisomeo cha vibanzi. Kisomeo si kitu kibaya, lakini bei za vitu hivyo viwili hazipaswi kuwa moja.

BAMBO NDILO HUAMUA

Mwanga husoma tone. Tone hutoka katika kijiko cha unga, unga katika sampuli, na sampuli katika lori. Kosa likiingia mwanzoni, mashine ya mamilioni huandika kosa hilo kwa namba nzuri.

Sumukuvu haikai sawasawa katika mzigo kama chumvi katika maji. Hukaa kwa mafungu. Kuvu huishi udongoni, hupanda kwenye hindi lililopigwa na ukame au kutobolewa na wadudu, na huzaliana zaidi mahindi yanapoanikwa chini au kuhifadhiwa mabichi. Punje 99 zinaweza kuwa safi na ya 100 ikabeba sumu ya kutosha kuchafua kilo kadhaa. Bambo likidunga magunia mawili ya pembeni likaikosa punje hiyo, cheti kitasema mzigo ni safi. Likiikuta peke yake, kitasema mzigo wote ni mbovu. Namba zote mbili zitakuwa zimesomwa sawasawa na mashine, na zote mbili zitakuwa zimedanganya kuhusu lori.

Wataalamu wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya makosa katika upimaji wa aflatoksini hutokana na uchukuaji wa sampuli, si mashine. Taratibu za Ulaya kwa shehena ya nafaka inayozidi tani 20 hutaka vijisehemu 100 kutoka mahali mbalimbali, vikichanganywa vifikie kilo 10. Kisha sampuli yote husagwa na kuchanganywa, ndipo hutolewa gramu chache za kupimwa. Wanaochota konzi moja ya mahindi na kuisaga kwa kinu cha kahawa wanapima konzi ile tu.

Ni vyema pia kujua kwamba chipu wala kibanzi havioni kupitia punje. Unga ni lazima utiwe katika kimiminika, mara nyingi spiriti iliyochanganywa na maji, utikiswe, uchujwe, ndipo tone lipimwe. Zipo mashine kubwa za viwandani zinazochambua punje moja moja kwa rangi na mng'ao na kuzipuliza mbaya pembeni, lakini hizo ni za kusafishia mzigo, si za kutolea namba ya cheti.

HESABU YA GUNIA

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kwasadala anayekusanya magunia 300. Bei zinazofuata si za soko; ni za kurahisisha hesabu tu. Gunia likiwa shilingi 70,000, mzigo ni shilingi milioni 21. Kipimo kimoja kikigharimu shilingi 40,000 na mzigo ukigawanywa mafungu sita ya magunia 50, vipimo vyote ni shilingi 240,000, yaani shilingi 800 kwa gunia.

Mzigo usiopimwa ukifika mpakani na bei ikashushwa shilingi 10,000 kwa gunia, hasara ni milioni 3, bila kuhesabu siku za lori. Kwa hesabu hiyo kipimo kinalipa hata kama safari moja tu kati ya kumi huharibika.

Mgawanyo wa mafungu sita una faida nyingine. Mahindi ya Rundugai yasichanganywe na ya kutoka wilaya nyingine kabla ya kupimwa. Fungu moja likionekana baya, magunia 50 hutengwa na 250 huendelea na safari. Yakichanganywa kwanza, ubaya wa 50 huwa wa 300.

Kununua mashine ni hesabu nyingine. Tuseme kisomeo na vifaa vyake ni shilingi milioni 6. Anayepeleka malori 20 kwa mwaka, sawa na magunia 6,000, atakuwa amebeba shilingi 1,000 kwa gunia kwa mwaka wa kwanza kabla ya kununua kibanzi hata kimoja. Anayepeleka malori matano atabeba 4,000. Kwa huyo wa pili ni nafuu kupeleka sampuli maabara, au kushirikiana na wenzake na chama cha ushirika katika ghala moja.

Kabla ya yote hayo kuna vifaa vya bei ndogo vinavyozuia sumu badala ya kuisoma. Turubai la kuanikia, ili mahindi yasiguse udongo. Kipima unyevu, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na jino halihesabu asilimia. Chekecheke na mikono ya kuchambua punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kwani humo ndimo sumu nyingi hukaa. Na mifuko isiyopitisha hewa. Mwenye milioni moja tu atumie fedha hizo hapo kwanza.

MAHINDI YALIYOKATALIWA HUENDA WAPI

Swali hili halipendwi sokoni. Lori likikataliwa, mahindi hayapotei. Mwenye mali hutafuta pa kupunguzia hasara, na mara nyingi mahali hapo ni nyumbani: mashine ya kusaga ya karibu, chakula cha kuku, pumba za ng'ombe. Mpaka ukiwa na kipimo na kijiji kikiwa hakina, mahindi mabaya hurudi yalikotoka kwa bei ya chini.

Masama ina sababu ya kulifikiria hilo. Ng'ombe wa maziwa kwenye vihamba hufugwa ndani na kulishwa majani ya migomba, nyasi na pumba za mahindi. Ng'ombe akila B1, mwili wake huigeuza sehemu kuwa M1, na M1 hutoka katika maziwa. Herufi M ni ya maziwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Ukomo wa Ulaya kwa M1 ni mikrogramu 0.05 kwa kilo ya maziwa, mara nyingi chini ya ule wa mahindi, kwa sababu maziwa hunywewa na watoto. Kupika hakuokoi: ugali ulioiva vizuri na maziwa yaliyochemshwa hubaki na sumu yake.

Madhara yenyewe yameandikwa. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yenye aflatoksini. Nchini Tanzania mwaka 2016 mlipuko katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 walifariki. Hapa Kilimanjaro, utafiti uliofanywa Rombo na kuchapishwa mwaka 2010 uliangalia fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi. Watoto wachanga waliokula kiasi kilichozidi ukomo walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao walipotimiza mwaka mmoja.

Kwa hiyo fungu la magunia 50 lililokataliwa ni hasara ya mfanyabiashara, na likirudishwa sokoni kimyakimya huwa deni analolipa mtu mwingine asiyelijua. Kulichanganya na mahindi mazuri ili wastani ushuke si ujanja wa biashara. Sumu ni ileile, imegawiwa watu wengi zaidi.

KWA WENYE AKIBA YA KUWEKEZA

Wapo wasomaji wasiouza mahindi lakini wanaotafuta mahali pa kuweka akiba. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, halina kampuni inayotengeneza chipu za aina hii. Anayeuziwa "hisa za chipu za afya" mtaani, kwenye semina au kwa simu aanze na shaka.

Historia ya sekta hii inaonyesha pande zote mbili. Biacore ilikaa miaka mingi ikiuza mashine chache za bei kubwa kwa maabara, hadi ilipochukuliwa na GE ya Marekani mwaka 2006 kwa dola milioni 390 hivi. Wateja wake walinunua mashine mara moja, lakini vipande vya kioo na dhahabu walivinunua tena na tena. Faida ya biashara ya vipimo hukaa kwenye kinachotupwa kila baada ya kipimo, kama faida ya mwenye taa ya kandili isivyokuwa kwenye taa bali kwenye mafuta.

Upande wa pili ni Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ahadi ya kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu. Thamani yake ilifikia dola bilioni 9 hivi kabla haijaonekana kwamba mashine haikuweza iliyoyaahidi. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Wengi waliopoteza fedha hawakuwahi kuona sampuli moja ikipimwa kwa mashine hiyo na kulinganishwa na maabara nyingine.

MASWALI KWA MUUZAJI

Mfanyabiashara anayeletewa kifaa cha kupima sumukuvu aulize yafuatayo, na majibu yaandikwe:

1. Kinapima B1 peke yake au jumla ya aflatoksini? Cheti cha soko linalolengwa kinataka ipi?

2. Namba ndogo kabisa kinayoisoma kwa uhakika ni ipi? Kifaa kisichosoma chini ya 10 hakifai kwa mteja wa Ulaya anayetaka 4.

3. Vibanzi au chipu zinahitaji jokofu? Zinakwisha muda lini? Kingamwili huharibika kwa joto, na joto la stoo ya bati Bomang'ombe saa nane mchana si la maabara.

4. Kibanzi kimoja ni shilingi ngapi, na nani mwingine anakiuza nchini? Mashine ya bei rahisi yenye muuzaji mmoja wa vibanzi humfunga mnunuzi.

5. Kiko tayari kupimwa mbele ya mnunuzi kwa unga ambao sumu yake imekwishajulikana na maabara, mara tatu mfululizo? Namba tatu zikitofautiana sana, mazungumzo yaishe hapo.

6. Je, namba yake inakubaliwa na mtu yeyote? Cheti cha mpakani hutolewa na taasisi zinazotambuliwa kisheria. Upande wa Tanzania usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Kifaa cha ghalani humsaidia mwenye mali kuchagua fungu la kupeleka na la kuacha, lakini hakichukui nafasi ya cheti.

Swali la sita ndilo lenye uzito zaidi kwa wakati huu. Chipu za mwanga zitaendelea kuwa ndogo na bei zake kushuka, kama ilivyokuwa kwa simu na kikokotoo. Wanaojiandaa kuanzia sasa, kwa turubai, kipima unyevu, daftari la kila fungu lilikotoka na bambo linalodunga magunia ya katikati na si ya pembeni tu, watakuwa na mahindi yanayostahili kupimwa siku chipu hizo zitakapofika Kwasadala. Wasiojiandaa watanunua mashine, na mashine itawaambia kwa haraka zaidi kile ambacho mpaka ungewaambia.